Moyo Mnene na Ganzi ya Mikono: Majibu Kuhusu Amiloidi ya Kurithi

Shikamoo daktari. Naishi Houston, mke wangu ni Mmarekani mweusi. Baba yake, miaka 68, kaambiwa moyo una amiloidi ya kurithi. Ndiyo nini?

Marahaba. Ini hutengeneza protini iitwayo transithiretini, inayobeba vitamini A na homoni ya thairoidi kwenye damu. Ina vipande vinne vilivyoshikana. Jeni ikiwa na hitilafu, vipande huachana, hujikunja vibaya na kugeuka nyuzinyuzi. Hizo ndizo amiloidi. Zikijazana ndani ya msuli wa moyo, kuta hunenepa na kukakamaa, moyo unashindwa kutanuka upokee damu. Ndiyo maana miguu inavimba na ngazi chache tu zinamkata pumzi. Kwa Wamarekani weusi hitilafu inayoonekana zaidi ni V122I, yenye asili ya Afrika Magharibi. Takriban asilimia 3 hadi 4 yao wanayo.

Mzee wangu alipasuliwa viganja vyote viwili kwa ajili ya ganzi. Sasa moyo umenenepa, wanasema ni presha, mbona presha yake ni 105/70 na hatumii dawa?

Swali zuri kuliko yote wiki hii. Amiloidi huweza kubana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono miaka mingi kabla moyo haujalalamika, na daktari wa moyo asipouliza habari za mikono, mgonjwa hasemi. Ombeni ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) zisomwe pamoja. Moyo ulionenepa kwa presha mara nyingi huchora mawimbi marefu kwenye ECG. Kuta nene zenye mawimbi mafupi zinatia shaka. Kisha damu na mkojo vipimwe haraka, maana kuna amiloidi nyingine itokayo kwenye uboho, na hiyo haisubiri. Ndipo zifuate skani ya nyuklia (picha ya moyo kwa dawa yenye mionzi kidogo) na kipimo cha jeni.

Baba anao. Na mimi?

Uwezekano wa kurithi jeni yenye hitilafu ni asilimia 50, uwe wa kike au wa kiume. Kuibeba si kuugua: wenye V122I wengi hawaugui, na wanaougua kwa kawaida wameshavuka 60. Watoto wadogo waacheni, msiwapime.

Kuna dawa?

Zipo, ghali mno. Tafamidisi, iliyoidhinishwa Marekani 2019 kwa ugonjwa huu wa moyo, hushikilia vile vipande vinne visiachane. Vutrisirani, 2025, hulizuia ini lisitengeneze protini yenyewe. Zote hupunguza kasi tu, hazisafishi kilichokwisha kuganda. Na kama mgonjwa anatumia dawa za kupunguza mapigo na anapata kizunguzungu, mrudisheni kwa daktari wake, msimwachishe wenyewe.