Jiwe lenye misalaba miwili

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimeona picha ya kaburi la daktari mmoja wa jeshi kule Ubelgiji, anaitwa Chavasse, jiwe lake limechongwa misalaba miwili yenye mikono mipana, majirani zake wote wana mmoja tu wa kawaida. Fundi alikosea au? Na kama alikuwa shujaa kiasi hicho mbona hawakumrudisha kwao akazikwe na ndugu zake?

JIBU: Nzuri tu msomaji wetu. Fundi hajakosea kabisa. Ile sio misalaba ya dini, ni picha ya nishani ya Victoria Cross, ndo kubwa kuliko zote za ushujaa mbele ya adui kwa Waingereza, na huyu Kapteni Noel Chavasse alipewa mara mbili, zote Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu ianzishwe 1856 ni watu watatu tu wamewahi kuipata mara mbili, na wawili kati yao walikuwa madaktari! Mwenzie, Arthur Martin-Leake, alimaliza vita salama akaishi mpaka 1953.

Ya kwanza aliipata Agosti 1916 huko Guillemont, Ufaransa. Mchana kutwa anatibu majeruhi huku risasi zinapita, usiku anatoka tena kuwatafuta mbele ya mahandaki ya adui, akawaokoa kama watu ishirini hivi, afu kati ya kazi zote hizo akakusanya na vibati vya majina vya waliokufa ili familia zijue. Mimi hapo kwenye vibati ndo huwa nasimama, maana maiti haiponi, hiyo kazi angeweza kuiacha na hakuna ambaye angemlaumu.

Ya pili ni karibu na mji wa Ieper, Ubelgiji, kuanzia 31 Julai 1917. Aliumia mapema kabisa akiwa amembeba askari majeruhi, akaambiwa arudi nyuma akakataa, siku mbili nzima anaingia na kutoka na kidonda chake na tumbo karibu tupu, mpaka kombora likaangukia pale alipokuwa anatibia watu na yeye likampasua tumbo. Wakamkimbiza hospitali ya mahema ya Brandhoek, wakamfanyia upasuaji, lakini wapi, akafariki tarehe 4 Agosti, miaka 32. Nishani ya pili ilitangazwa ameshakufa.

Sasa kurudishwa kwao. Baba yake alikuwa askofu wa Liverpool, kwa hiyo msidhani ilikosekana familia ya kumdai. Waingereza walipiga marufuku kusafirisha maiti, tajiri kwa maskini, na tume yao ya makaburi ikaweka sheria kwamba mawe yote yawe saizi moja, kapteni hapewi jiwe refu kuliko kuruta. Nembo ya kikosi, cheo, jina, tarehe, na msalaba wa dini au picha ya Victoria Cross kwa aliyeipata, basi, ila familia iliruhusiwa kuongeza maneno machache chini. Kwa Chavasse wameweka Yohana 15:13, ule mstari wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Kwa hiyo amezikwa pale pale ilipokuwa hospitali, pamoja na wagonjwa wengine waliofia humo.

SWALI: Na hizo nishani zenyewe walizika naye?

JIBU: Hapana bana. Kwanza ya pili huwa hawatoi msalaba mwingine, wanaongeza kipande kidogo cha chuma kwenye utepe, ni jiwe tu ndo limechorwa miwili. Familia ilikuja kuzikabidhi kwa chuo cha St Peter's pale Oxford, na mwaka 2009 chuo kikaziuza kwa tajiri mmoja, inasemekana karibu pauni milioni 1.5. Kaburi lenyewe halina kiingilio. Ukifika Brandhoek, barabara ya Ieper kwenda Poperinge, angalia usichanganye maana yapo makaburi matatu ya jeshi jirani jirani, wewe uliza Brandhoek New Military Cemetery, eneo la III, mstari B, namba 15.