Kwa nini naenda Iringa

Mwanangu, marahaba. Umeniuliza kwa nini napanda basi toka Makambako mpaka Iringa kufata dawa wakati CTC, kliniki ya dawa za UKIMWI, iko hapa hapa, dakika kumi kwa mguu, ukasema unamjua mtu wa kunifanyia uhamisho. Tulia kwanza, usimpigie mtu.

Mi nilianzia hapa hapa, 2006, baba yako hajamaliza hata mwaka kaburini. Dawa zilikuwa bure kama sasa ila siku ya kliniki ilikuwa Jumanne na benchi liko nje, limeangalia njia ya sokoni, ukikaa pale hata mtoto wa shule anajua umekanyaga miwaya. Hilo nililimeza. Kilichonimaliza ni mhudumu mmoja, jina silitaji, kaenda kuongea saluni, kufika Ijumaa sufuria yangu ya maharage inarudi nyumbani imejaa, wateja wote wamehamia kwa jirani. Sheria ya kukataza kutoa siri ya mgonjwa ilikuja 2008, na hata ingekuwepo, wakili ningemlipa maharage?

Ndo nikaomba barua nikahamia Iringa, kule hakuna anayenijua. Zile dawa za mwanzo ziliniunguza nyayo nikawa nalala miguu nje ya blanketi, na baridi ya huku unaijua. Makopo nayo yalikuwa yanapiga kayamba ndani ya basi, kila tuta watu wanageuka, mpaka nikajifunza kuyajaza pamba. Halafu 2011 nchi nzima ikakimbilia kikombe cha dawa ya miti shamba cha Babu wa Loliondo, shilingi mia tano tu, nami nikaenda nikanywa, nikaacha vidonge (usinicheke, kuna wasomi walikuwa foleni moja na mimi). Miezi mitano nikabaki mifupa. Narudi kliniki najua leo ntasemwa mpaka nilie, nesi akasoma kadi yangu, akaniangalia, akavuta kiti, "mama kaa, umekula?" Basi. Akaniletea chai kwanza ndo akanipima upya. Yule nesi keshastaafu zamani ila mi kuhama nimeshindwa.

Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku na wananipa cha miezi sita, kwa hiyo ni safari mbili tu kwa mwaka, nauli sio shida na we usianze kutuma. Kipimo cha mwisho wameniambia virusi havionekani. Na hapa kwetu najua wamebadilika, benchi wameliingiza ndani, vijana waliopo wana adabu, sina ugomvi nao. Ila nikipita lile geti tumbo linanisokota bado.

Na kingine nikwambie kabisa maana umri unao. Yule mamdogo wa Iringa uliyekuwa unampa salamu kila nikisafiri, hayupo. Zile biskuti zake nilikuwa nanunua stendi, nikiwa nasubiri gari la kurudi.