Kulala ndani ya Queen Mary: uangalie nini

Pole, ndugu uliyeuliza kama unaweza kusafiri na Queen Mary, ile meli ya abiria ya zamani ya Uingereza: haisafiri tena. Ilianza safari 1936, ikabeba wanajeshi vitani, ikatia nanga Long Beach, California, Desemba 1967. Ilipogeuzwa hoteli, boila zote (matangi ya kuchemshia maji yatoe mvuke) ziling'olewa, kwa hiyo hata injini za nyuma zilizobaki hazina mvuke wa kuzisukuma. Hizo zishukie uzione, pamoja na propela moja iliyoachwa majini.

Omba chumba chenye dirisha la duara. Vya ndani havina mwanga wa nje kabisa. Bafuni tazama koki za zamani: za maji baridi na moto, kisha nyingine za maji ya bahari. Za bahari hazitoi kitu siku hizi, usizilazimishe.