Besiboli ya miji midogo ilianzaje?

SWALI: Ndugu mhariri, rafiki yangu anashikilia kwamba besiboli ilibuniwa na Abner Doubleday mwaka 1839 katika mji mdogo wa Cooperstown, Marekani, ndipo miji mingine ikaiga. Ni kweli? Na klabu za ridhaa za huko zilianzaje?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na inaniuma kuona hadithi hiyo bado inaendelea kusimuliwa. Ilitokana na tume iliyoundwa mwaka 1905 kuchunguza asili ya mchezo huo, ambayo iliamini barua za mzee mmoja. Mwaka huo wa 1839 Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Tena, mwaka 1791 mji wa Pittsfield, Massachusetts, ulikuwa umeshapiga marufuku kucheza besiboli ndani ya yadi 80 kutoka jumba lake jipya la mikutano, ili madirisha yasivunjwe. Mchezo uliokwisha kutungiwa sheria ya mji hauwezi kusubiri miaka 48 ndipo ubuniwe!

Klabu ni jambo jingine. Kila mahali palikuwa na besiboli yake, hadi klabu ya Knickerbocker ya New York ilipoandika kanuni zake mwaka 1845. Kanuni zikishaandikwa, vijana wa mji wowote wanaweza kuzifuata, wakachagua viongozi, wakachanga ada na kuualika mji jirani.

Mimi huvutiwa zaidi na mpira wenyewe. Mechi ikiisha, walioshindwa waliukabidhi kwa washindi, nao waliupaka rangi ya dhahabu, wakaandika juu yake tarehe na matokeo, kisha wakauweka kabatini. Hilo ndilo lilikuwa kombe lao. Glavu hazikuwapo, walidaka kwa mikono mitupu. Ndiyo maana hadi mwaka 1864 mpira uliodakwa baada ya kudunda mara moja ulitosha kumtoa mpigaji, yaani aliyeupiga kwa gongo.

Klabu ninayoipenda kuliko zote ni Forest City ya Rockford, Illinois. Mwaka 1867 klabu ya Nationals ya Washington ilizunguka magharibi ikizibamiza klabu za miji mikubwa, Cincinnati na St. Louis zikiwamo. Tarehe 25 Julai, mjini Chicago, ikakutana na vijana wa Rockford. Mrushaji wao, yaani anayemrushia mpigaji mpira, Albert Spalding, alikuwa na miaka 17. Rockford ikashinda 29 kwa 23.

Miaka miwili baadaye Cincinnati ilitangaza wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa, na hapo miji midogo ikaanza kuporwa vijana wake. Mwaka 1871 Spalding na mwenzake Ross Barnes walichukuliwa na Boston. Mwaka huohuo Forest City ilijitosa katika ligi ya kwanza ya kulipwa bila wao, ikashinda mechi 4 na kufungwa 21. Msimu ulipoisha, klabu ikavunjika.