Akivua Skeiti Avae Nini? Majibu kwa Wazazi na Vijana wa Hoki ya Barafu Nairobi

Zamani swali lilikuwa moja tu: hiyo barafu Nairobi inatoka wapi? Nami nilikuwa nawaelekeza watu hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005. Tangu Kenya ikubaliwe kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, Septemba 2024, wanaoniuliza ni wazazi wenye watoto mkononi. Safari hii nimeyakusanya maswali ya mavazi ya nje ya barafu. Barafuni mtoto hukaa saa moja hivi, miguuni akiwa na skeiti, yaani viatu vyenye makali ya chuma chini. Muda mwingine wote yuko njiani, yuko kwenye matatu, au yuko kwenye saruji akifanya mazoezi, na hapo ndipo ninapoona makosa mengi.

Kocha, mwanangu wa miaka tisa anaanza Jumamosi. Wazazi wenzangu wameniambia ninunue trakisuti ya timu kwanza. Kwa sasa hizo pesa sina. Aje amevaa nini? (Mama, Imara Daima)

Mama, usinunue. Mlete na trakisuti ya shule. Hakuna mtoto atakayerudishwa mlangoni kwa sababu ya nembo kifuani, na akirudishwa, niite mimi.

Cha kufikiria ni hiki. Barafu ya hoki huwa nyuzi kama tano chini ya sifuri, na hewa iliyo juu yake ni ya baridi kweli. Hatua chache nje ya mlango kuna jua la mchana. Mtoto anatoka jotoni, anaingia baridini, anatoka jasho, kisha anarudi jotoni. Kwa hiyo mvalishe nguo za kuvuliwa moja moja, usimvalishe jaketi moja zito. Kifuani aanze na fulana nyepesi ya poliesta. Jezi kuukuu ya mpira inafaa kuliko fulana ya pamba, maana pamba hunywa jasho ikakaa nalo. Juu yake sweta au hudi, na juu kabisa koti jepesi la kuzuia upepo. Kichwani kofia ya mavini. Suruali isiburute chini, maana ngazi huwa na maji.

Halafu kuna seti ya pili, na hapa nakuomba unisikilize sana. Siku moja baada ya mazoezi nilipanda matatu na kijana wetu mmoja, mdogo kama wako. Foleni ilikuwa imesimama kabisa. Nikamwona amejikunja dirishani, meno yanagongana. Nilipomgusa mgongo, fulana ilikuwa imeshikana na ngozi, baridi kama kitambaa kilichotoka kwenye ndoo. Alikuwa amevaa koti zuri, jipya kabisa, juu ya fulana mbichi. Nilimvulisha palepale nikampa sweta yangu. Tangu siku hiyo, kabla mazoezi hayajaanza, mimi hufungua mabegi na kutafuta vitu vinne: fulana kavu, nguo ya ndani kavu, soksi kavu na taulo ndogo. Kama mfukoni mwako kuna pesa ya kitu kimoja tu, Mama, nunua hiyo fulana ya pili. Trakisuti itakuja baadaye.

Nina miaka 15. Tunafanya mazoezi ya nchi kavu kwenye paking. Mimi hutumia viatu vyangu vya shule kwa sababu ni vigumu na imara. Kuna ubaya? (Kijana, South B)

Upo, kijana wangu. Kiatu cha ngozi cha shule soli yake huteleza, na hakijatengenezwa kwa mguu unaoruka. Mazoezi yetu ya nchi kavu ni kuruka upande kwa upande kama mtu anayesukuma barafu, mbio fupi za kusimama ghafla, kuchuchumaa, na kuzungusha mpira wa tenisi kwa gongo. Hapo kifundo cha mguu ndicho kinachobeba mzigo. Unataka raba yenye soli bapa na pana, inayoshika mguu pembeni. Raba za mbio zenye kisigino kinene na laini ni nzuri kwa mtu anayekwenda mbele moja kwa moja. Ukiruka kando, kile kisigino huinama na mguu unaviringika nacho.

Huhitaji raba mpya. Nenda soko la mitumba la Gikomba au Toi asubuhi, kabla hawajachagua wengine, na usiangalie jina lililoandikwa ubavuni. Geuza kiatu uangalie soli kwanza. Ikiwa imelika upande mmoja, umepata kiatu kilichokwisha kufuata mwendo wa mtu mwingine, nao utakupinda wewe. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukizungushe kama unayekamua tambara. Kikikubali kukamuliwa, kirudishe. Kisha kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati. Mwisho bonyeza kisigino kwa nyuma. Kikibonyea kama boksi lililolowa, kiache.

Vaa na soksi utakazotumia, simama wima, na uhakikishe mbele ya kidole gumba cha mguu kuna nafasi ya upana wa kidole cha mkono. Wala usitumie namba ya skeiti zako kununua raba. Skeiti hukaza mguu, na kwa kawaida huwa chini ya kiatu cha kawaida kwa namba moja au moja na nusu. Nimeona vijana wanaofanya kinyume: wanachukua skeiti kwa namba ya raba, mguu unaelea ndani, kisha wanalaumu barafu.

Na soksi, kwa kuwa tuko miguuni. Ndani ya skeiti, vaa pea moja nyembamba. Najua nyumbani wanakwambia uvae mbili nene upate joto. Zikijazana, hubana damu, na vidole ndivyo vinavyozidi kuganda. Zile nene ziweke kwa safari ya kurudi nyumbani.

Mwanangu anaweza kutembea na skeiti kutoka benchi hadi chooni? Ni hatua chache tu. (Baba, Syokimau)

Bila vifuniko vigumu vya makali, hapana, hata hatua tatu. Saruji na vigae hula makali. Akifika nyumbani avivue hivyo vifuniko, afute chuma kwa kitambaa kikavu, kisha avishe vile vya kitambaa. Vigumu hufungia maji ndani na chuma hushika kutu. Na nakusihi, usimpe yule fundi anayepita mtaani na baiskeli akinoa visu. Ni fundi mzuri wa visu, lakini chini ya skeiti kuna mfereji mwembamba kati ya kingo mbili, naye atausawazisha wote. Uzima wa chuma hicho uko kwenye huo mfereji.

Binti yangu ana miaka 12 na anavaa hijabu. Mazoezi ya nje anayataka sana. Je, kuna namna, au nimwambie asubiri? (Baba, Eastleigh)

Asisubiri, ndugu yangu. Mtafutie hijabu ya michezo, ile ya kuvutwa kichwani kama soksi, isiyo na pini. Pini ndiyo hatari, kwa sababu akianguka inaweza kumchoma shingoni, na ncha za mtandio zinaweza kunaswa na gongo la mwenzake. Kitambaa kiwe chembamba, kwa maana siku ya barafu helmeti itakaa juu yake na haipaswi kupanda. Chini avae suruali pana ya trakisuti yenye mpira kwenye kifundo cha mguu, na juu fulana ya mikono mirefu. Anapokua, mama yake amtafutie sidiria ya michezo inayomshika vizuri. Wasichana wengi huacha mazoezi kimya kimya kwa jambo hilo tu, na hakuna anayewauliza.

Niliseme hili kwa wasichana wote: rasta fungeni chini, usawa wa shingo. Fundo likikaa utosini, helmeti inakalia fundo, si kichwa. Hereni na mikufu ibaki nyumbani, kwa wavulana pia.

Kijana wangu siku zisizo za barafu hufanya mazoezi kwa skeiti za magurudumu barabarani mtaani. Anasema helmeti ni ya barafuni na ya boda boda. Tunagombana kila Jumapili. (Mama, Umoja)

Mama, kwenye hilo usirudi nyuma hata hatua moja. Lami ni ngumu kama barafu, na juu yake kuna magari. Avae helmeti yenye kamba iliyofungwa chini ya kidevu, iliyokaa vidole viwili juu ya nyusi, isiyolegea akitikisa kichwa. Helmeti iliyosukumwa nyuma hadi utosini haimlindi paji la uso. Avae pia vilinda vifundo vya mikono, maana mtu akianguka hutanguliza mikono, na kifundo cha mkono ndicho huvunjika. Vya magotini vinafuata. Suruali ndefu ngumu kidogo huokoa ngozi nyingi. Nguo ya juu iwe ya rangi inayoonekana, na awe ndani kabla giza halijaingia.

Mkabidhi sharti moja: siku bila helmeti ni siku bila skeiti. Na umuulize, kwa upole, kama huwa wanashika nyuma ya magari wavutwe. Wako wanaofanya hivyo jijini. Hakuna vazi la kumlinda mtoto na hilo.

Miguu yangu inanuka na kati ya vidole inawasha. Naona aibu kuvua skeiti mbele ya wenzangu. (Kijana wa miaka 13)

Usione aibu, mwanangu, wenzako wengi wanayo hayo hayo. Huenda ni fangasi, nao hupenda mahali penye giza na unyevu. Onyesha duka la dawa, wakupe krimu, na uitumie kwa muda wote walioandika, hata mwasho ukiisha mapema. Pale chumba cha kubadilishia nguo na bafuni usikanyage sakafu wazi, vaa patipati. Kausha kati ya vidole, kila kimoja. Soksi za mazoezi zisirudiwe kesho yake bila kufuliwa. Usimwazime mtu patipati wala taulo. Skeiti zako zivute ulimi nje, toa soli ya ndani, uziache kwenye hewa, lakini si kando ya jiko wala juani, ngozi itakakamaa.

Timu imealikwa kucheza, na kiongozi mmoja anataka watoto wote wafike wamevaa suti na tai kama wachezaji wa nje. Wazazi wengine hatuna uwezo. (Mzazi, Kariobangi)

Desturi hiyo naijua. Kwa miaka mingi wachezaji wa ligi kuu ya NHL huko Marekani na Kanada walikuwa wakifika uwanjani kwa suti, na klabu za vijana zikawaiga. Ni heshima kwa mchezo, siipingi. Ila suti ya mtoto wa miaka kumi mwakani haimtoshi, na pesa yake ni nauli ya miezi. Nimemwandikia kiongozi wenu pendekezo: fulana nyeupe yenye kola, suruali nyeusi ya shule, raba zilizofutwa vumbi. Kila nyumba inavyo. Asiye na fulana, tutachanga. Naomba mtoto yeyote asiulizwe mbele ya wenzake kwa nini hana.

Begi lake linanuka nyumba nzima. Nifanyeje? (Mama, Donholm)

Begi lisilale limefungwa. Akifika tu, kabla hajala, kila kitu kitoke: vilinda mabega, glavu, helmeti, vyote kwenye kamba au juu ya viti, vipate upepo usiku kucha. Nguo za jasho zibebwe katika mfuko wake wa kitambaa, zisichanganyike na zile kavu, kisha zifuliwe siku hiyo hiyo. Glavu zigeuze vidole juu. Begi lenyewe lipanguse kwa maji ya sabuni kila wiki, ukaliache mdomo wazi juani. Kazi hiyo yote mtoto wa miaka tisa anaiweza mwenyewe. Msimamie mara tatu za kwanza, kisha umwachie.