Mwenzake alimpata, ukamtenga naye

*Shangazi, kijana wangu atatimiza miaka minne Disemba, na Januari aingie PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Hachangamani na watoto. Tulipompeleka kuonana na mwalimu alijificha ndani ya buibui langu, hata jina lake hakutaja. Nyumbani na yaya ni hadithi kutwa. Siku ya Iddi tulikwenda Kibokoni, Mji wa Kale, kwa mavyaa, akalia alipoona wenzake, nikaondoka naye kabla ya nusu saa. Mavyaa ataka nimpeleke kila wikendi, na mume wangu amsikiza mamake kuliko mimi. Kule watoto wanacheza vichochoroni, wachafu, wanapigana. Hapa fletini yuko mtoto wa bawabu tu, nami niliwatenga kwa sababu alianza kumfunza maneno ya ajabu. Kazi yake sasa ni kusimama dirishani akiangalia watoto chini. Jioni namwekea katuni za simu hadi alale. Nifanyeje? – Mama wa Bamburi*

Mwanangu, pole. Kumwona mtoto wako amejikunyata wenzake wakicheka kunauma. Sasa nisikize.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwa yule mtoto wa bawabu. Umempitia mbio, kama mtu apitaye mlango wa mdai wake. Kijana wako alipata mwenzake, wakacheza, wakafunzana maneno, kisha wewe ukaja kuwatenga. Ungemkanya tu hayo maneno. Mtoto asiyejua watu angeyaokotea wapi? Na hilo dirisha umeniandikia kana kwamba ni dalili ya maradhi. Mtoto aliyeshika vyuma vya dirisha, macho yakiufuata mpira kutoka ukuta huu hadi ule, ana hamu ya kushuka. Mwenye kuogopa ni wewe.

Kwa mavyaa yako niko upande wake, na sitakuficha. Nilimwona bibi mmoja huko huko Mji wa Kale, alasiri, ameketi barazani. Watoto wanacheza ukuti, na mjukuu wake wa miaka mitatu amesimama pembeni, kidole mdomoni, machozi yamlenga. Bibi hakumbeba wala hakumsukuma. Alimtia mabuyu mkononi, akamwambia, "Wape wenzako, mmoja mmoja." Yule mtoto akaenda, akarudi, akaenda tena. Mabuyu yalipokwisha alikuwa ndani ya duara, midomo myekundu kama wenzake, na aliyemshika mkono hata jina lake halijui. Mambo hayo hayafanyiki kwa nusu saa. Siku ya Iddi ulimchukua machozi yakiwa bado hayajakauka, akajifunza kwamba akilia mbele ya watu, mama atamtoa.

Mume wako humtaji ila kwa kumlaumu. Pengine baba wa watu anakumbuka nani aliyemlea yeye: mabinami, majirani, mashangazi. Ndoa za siku hizi mtu huolewa na mume mmoja, akafunga geti, ukoo mzima ukabaki nje kama wageni. Kisha mtoto akizaliwa twashangaa mbona mikono haitoshi. Mkono mmoja haulei mwana, na yaya mmoja na simu moja pia havimlei. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo cha simu au runinga, na ikipungua ndiyo bora. Wewe wampa jioni nzima.

Hata hivyo, si kila mtoto mkimya amefungiwa ndani. Mtoto akiitwa jina asigeuke, asikutazame usoni, asiunge maneno mawili matatu, au apoteze maneno aliyokuwa nayo, huyo apelekwe kwa daktari bila kungoja shule, na masikio yake yapimwe. Wa kwako anamsimulia yaya hadithi kutwa. Ukimwona na dalili hizo, nenda. Usipoziona, usimtafutie ugonjwa.

Kabla ya Januari mfunze kusema anataka kwenda chooni, avae viatu mwenyewe, afungue kopo lake la chakula. Mtoto anayejiweza haogopi sana darasa. Na siku ya kwanza muage. Usimtoroke akiwa amegeuka, maana kesho yake atakung'ang'ania mara mbili.

Jumamosi pandeni matatu hadi Posta, mwende Kibokoni asubuhi, mrudi jioni. Keti mkekani na mavyaa yako. Wakigombania mpira, hesabu hadi ishirini kabla hujainuka. Mara nyingi utakuta wameshapatana. Akirudi na vumbi, maji yapo.

Lakini usingoje Jumamosi. Leo baada ya alasiri mshushe ngazi, ubishe hodi kwa bawabu, uombe radhi kwa mama wa yule mtoto. Mpira aushike kijana wako mwenyewe.