Mwanafunzi ananishinda, na nimepewa fimbo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tabora, nina mwaka mmoja na nusu kazini. Darasani nina wanafunzi 94. Mmoja wao, mvulana wa miaka tisa, ananishinda kabisa. Anazurura kati ya madawati, ananyang'anya wenzake penseli, ukimkaripia anacheka. Juzi kampiga mwenzake na rula mpaka akatoka damu. Nimemtoa nje, nimempigisha magoti, mama yake nimemwita mara mbili. Mwalimu wa zamu alinipa fimbo akaniambia, "Hawa bila bakora hawaendi." Nikamchapa viwili. Siku hiyo alitulia, kesho yake yakawa yale yale. Je, kisheria nina ruhusa ya kumchapa? Na kama si fimbo, ni kitu gani kinafanya kazi kwenye darasa lenye watoto wengi namna hii?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na sheria kwa sababu jibu lake ni fupi: kwa jinsi ulivyofanya, huna ruhusa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 (Tangazo la Serikali namba 294), zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa tu, na visizidi vinne. Zamani vilikuwa hadi sita. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu ambaye mwalimu mkuu amempa idhini kwa maandishi, na idhini hiyo ni ya tukio moja, si ya muhula mzima. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike hata mmoja. Kisha yote yaandikwe kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa, mwalimu mkuu atie saini. Fimbo yenyewe ni nyepesi, inapigwa kwenye kiganja au makalioni juu ya nguo. Mgongo, kichwa na miguu havimo.

Sasa jiulize: idhini ya maandishi uliipata wapi? Maneno ya mwalimu wa zamu siyo idhini, na mambo yakiharibika utakayesimama mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu ni wewe, siyo yeye. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, na kila marekebisho ya mtoto yanapimwa kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili. Wenzetu wa Kenya walifuta viboko shuleni tangu 2001. Sisi hatujafuta, lakini hatujaruhusiwa kuchapa ovyo pia. Sikutishi. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu, na jambo likaishia mahakamani kama kesi ya mauaji. Naamini mwalimu aliyempiga naye asubuhi ile alitoka nyumbani kwenda kufundisha tu.

Sheria tuiache hapo, maana hata kama ungekuwa na karatasi yenye saini, tatizo lako lingebaki pale pale. Umeliandika mwenyewe: siku hiyo alitulia, kesho yake yakawa yale yale. Fimbo imekununulia siku moja.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haisemi, nalo ndilo ningelitaka kuliko yote. Anaanza saa ngapi?

Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa na mtoto wa aina hiyo, darasa la tatu vilevile. Kila siku vurugu, kila siku namtoa nje. Nikachukua daftari la kurasa 40, nikalipiga mistari mitatu: saa, kilichotangulia, kilichofuata. Sikubadilisha lolote, niliandika tu. Siku ya sita nikaona mwenyewe. Vurugu zake karibu zote zilikuwa kipindi cha Kiswahili, pale tunaposoma kwa sauti kwa zamu, dawati kwa dawati. Siku ya saba nikamwangalia kwa makini. Alikuwa anahesabu madawati, midomo inacheza. Wakibaki watatu kabla ya zamu yake, anamchoma jirani kwa penseli. Jirani anapiga kelele, mimi nasema "toka nje", naye anatoka akiwa ameshaokoka. Yule mtoto alikuwa hajui kusoma. Kwa miezi minne nilikuwa nadhani namwadhibu, kumbe kila nilipomtoa nje nilikuwa namlipa.

Ndiyo maana nakuuliza saa. Mtoto wako anaweza kuwa anaikimbia kazi, kama yule wangu. Anaweza kuwa anatafuta jicho lako, maana katika watoto 94 ni nani anayetajwa jina mara nyingi kwa siku kuliko mtukutu? Anaweza kuwa na njaa: kama vurugu zinapanda kuanzia saa nne na shule haina uji, hiyo ni njaa inayotembea kati ya madawati. Au kuna jambo nyumbani. Haya hayatibiwi kwa dawa moja. Anayekimbia kusoma ukimtoa nje umempa alichotaka; anayetaka kuonwa ukimkaripia mbele ya darasa umempa pia alichotaka, na hicho kicheko chake kinanifanya nimshuku wa aina hii. Lakini usiniamini mimi, liamini daftari. Andika siku kumi za shule, maneno mawili matatu kila tukio, usimwonyeshe mtu.

Yule wangu nilimpa mstari mmoja jioni, akaufanyie mazoezi, asubuhi nikamsikiliza dakika tano kabla ya kengele, kipindini nikampitisha kwenye mstari ule ule. Hakugeuka malaika. Mpaka Novemba alikuwa bado anazurura darasani, ila kumchoma mtu penseli aliacha.

Suala la rula ni jingine, usilichanganye na uzururaji. Damu ikitoka, anayehudumiwa kwanza ni aliyeumia. Mwalimu mkuu ajue siku hiyo hiyo, wazazi wa pande zote mbili wajue, na iandikwe. Aliyepiga mkalishe mahali unapomwona, aache kupumua kwa hasira, kisha mzungumze wawili tu. Kuomba radhi kwa kusukumwa mbele ya darasa ni maigizo. Mwache aombe akiwa ametulia, tena afanye kitu kwa ajili ya mwenzake, kwa mfano kumnakilia kazi aliyoikosa akiwa anatibiwa. Rula na mikasi vikae mezani kwako kwa muda.

Na mama yake. Umemwita mara mbili, nami nina hakika mara zote mbili alisimama ofisini akisomewa mashtaka huku walimu wengine wakisikiliza. Mzazi wa namna hiyo akifika nyumbani anamaliza aibu yake mgongoni kwa mtoto, kesho unaletewa mtoto mkali zaidi. Safari hii mfuate wewe, au mwite siku isiyo ya gulio, ukae naye chini ya mti. Anza na jema moja la mwanawe. Halafu muulize: analala na nani, asubuhi anakula nini, ni nani amehama au amefiwa hapo nyumbani, anasikia vizuri? Ukigundua mtoto anapigwa au anafanyiwa ubaya, hilo si la kumaliza ninyi wawili. Lipeleke kwa mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii, na namba ya simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Kuhusu watoto 94, sitakudanganya kwamba kuna uchawi. Darasa kubwa linaharibika mlangoni. Kama wanaingia kwa kusukumana na wewe unafuta ubao ukiwa umewapa mgongo, kipindi umeshakipoteza. Simama mlangoni, waingie mstari kwa mstari, wakute kazi ya dakika tano iko ubaoni tayari. Wagawe makundi ya watoto wanane hivi, kila kundi na mgawaji wake wa madaftari, abadilishwe kila wiki, na huyo mtukutu awe wa kwanza kupewa kazi hiyo, kwani ana miguu inayotaka kutembea. Ukitaka kimya usishindane nao kwa sauti, utapoteza. Piga makofi matatu nao wajibu matatu, rudia mpaka iwe mazoea.

Na nakuomba uache ule mtindo wa kiranja kuandika majina ya wapiga kelele. Ile karatasi ni biashara. Nimewahi kukuta jina linafutwa kwa pakiti ya ubuyu, na walioandikwa wote walikuwa wale wasio na shilingi mia.

Ukimweleza mwalimu mkuu haya, huenda akakwambia semina zilishafanyika. Ana haki ya kusema hivyo. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, walimu wa shule 27 waliwahi kupimwa kama mafunzo ya wiki chache ya kutuliza hasira na kusimamia darasa yangepunguza kupiga watoto, na haikuonekana tofauti. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilipimwa: nusu yake zilifanya kazi ya kupunguza kupiga watoto kwa mwaka mmoja na nusu, walimu, wanafunzi na uongozi pamoja, zikaandika taratibu zao na kuzifuata. Mwishoni, watoto waliosema walipigwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki moja walikuwa asilimia 31, wakati shule nyingine walikuwa karibu asilimia 49. Bado ni wengi, lakini pengo hilo hulileti kwa semina ya siku mbili. Kwa hiyo tafuta hata mwenzako mmoja wa darasa la pili au la nne mfanye jambo moja kwa pamoja, tuseme ule utaratibu wa mlangoni, muhula mzima.

Ile fimbo irudishe kwa mwalimu wa zamu. Usimpe hotuba, ni mkubwa wako kazini na mtaendelea kugawana chai. Mwambie tu kwamba unasubiri karatasi ya mwalimu mkuu.